Mficha Uchi Hazai: Mkunga Anapouliza Habari za Nyumbani



Mume mmoja wa huku kwetu Kosele ameniuliza swali ambalo najua wanaume wengi wanalo moyoni, kwa hiyo nalijibu hapa ili wote tufaidike. Alimsindikiza mkewe kliniki ya wajawazito. Mama alipokwisha kupimwa, mkunga alimwomba baba atoke nje kidogo, akabaki na mama peke yake. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimweleza kwamba ameulizwa kama nyumbani kuna amani, na kama kuna mtu yeyote anayempiga, anayemtisha au anayemlazimisha mambo asiyoyataka. Baba yule ameudhika. Anasema: "Katekista, ndoa yangu niliifunga mbele ya altare. Yanamhusu nini mkunga?"

Ndugu yangu, nakujibu kwa heshima. Uchungu wako unaeleweka. Kwa miaka mingi Kanisa na serikali vimewahimiza wanaume wasiwaachie wake zao mzigo wa mimba peke yao. Wewe umetii, umeacha shamba la viazi vitamu, umepanda bodaboda na mkeo, halafu umefika mlangoni ukaambiwa utoke. Lakini kutolewa nje kwa dakika tano si hukumu juu yako. Mkunga aliyefundishwa vizuri huwauliza akina mama wote: mke wa mwalimu, mke wa mfanyabiashara, mke wa mlevi, na mke wa katekista pia. Angechagua wa kuuliza, angekuwa anawashuku wale aliowachagua. Akiwauliza wote, hamvunjii mtu heshima.

Anakutoa nje kwa sababu moja tu. Mama anayepigwa hawezi kusema kwamba anapigwa huku anayempiga ameketi kando yake. Na mkunga hawezi kujua kwa kukutazama usoni wewe ni mume wa namna gani. Mume mpole na mume mkali wote huvaa shati safi siku ya kliniki.

KWA NINI MKUNGA?

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Tunaitumia methali hii kwa mambo mengi, lakini asili yake ni chumba cha kujifungulia. Mwanamke anayemwonea haya mkunga hawezi kusaidiwa kuzaa. Basi yule anayeruhusiwa kuuona mwili wa mama ndiye wa kwanza kuziona alama zilizo juu ya mwili huo.

Hebu tutazame maisha ya mama wa kijijini. Anakwenda wapi peke yake bila kuulizwa maswali? Sokoni ana wenzake na mashemeji. Kanisani yuko na familia yote. Kwa chifu hawezi kwenda bila mtaa mzima kujua. Polisi ni mbali, na nauli iko mfukoni mwa mume. Lakini kliniki ya wajawazito hakuna mume wala mama mkwe anayeikataza. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mama mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane kabla ya kujifungua. Maana yake ni kwamba mara nane katika kila mimba mlango unafunguliwa, na ndani yupo mtu aliyeapa kutunza siri. Shirika hilo hilo lilishauri kwamba katika ziara hizo mama aulizwe kuhusu dhuluma ya nyumbani, mahali ambapo wahudumu wamefundishwa na msaada unapatikana.

Je, jambo hili ni kubwa kiasi hicho? Uchunguzi wa taifa letu kuhusu afya na idadi ya watu, uliofanywa mwaka 2022, ulionyesha kwamba wanawake 34 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Na tusiseme hayo ni mambo ya Nairobi. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya mpango uliojaribiwa katika kliniki ya wajawazito mashambani huku huku Nyanza. Akina mama 134 waliulizwa kwa faragha. Arobaini na tisa, yaani zaidi ya theluthi moja, walisema wamefanyiwa dhuluma. Katika hao 49, zaidi ya nusu walikubali kupelekwa kwa watu wa kuwasaidia. Msomaji, angalia mambo mawili hapo. La kwanza, walikuwa wengi. La pili, walipoulizwa vizuri walisema, na walipoonyeshwa msaada wengi waliukubali. Hawakuwa wamenyamaza kwa sababu wameridhika. Walikuwa hawajaulizwa.

Yako pia mambo yanayoongeza hatari wakati wa mimba. Huku kwetu Homa Bay na Migori, ugonjwa wa Ukimwi umeziumiza nyumba nyingi kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mama akienda kliniki hupimwa damu, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza katika nyumba kujua hali yake. Aliyejua kwanza ndiye anayelaumiwa kuwa ameleta. Wapo waliopigwa usiku wa siku ile ile waliyopeleka majibu nyumbani, na wapo wanaoficha dawa zao ndani ya unga au kuacha kuzimeza kwa kuogopa. Mama anapoacha dawa kwa sababu ya hofu, mtoto aliye tumboni yumo hatarini. Kwa hiyo mkunga anayeuliza kuhusu amani ya nyumba anamlinda pia mtoto asiambukizwe.

Tena kipigo chenyewe humfikia mtoto. Mama akipigwa tumboni, mimba inaweza kuharibika, kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu kuvuja, uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Sisi Wakatoliki tunafundisha kwamba uhai wa mwanadamu ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Mafundisho hayo yanamhusu pia mume anayeinua mkono dhidi ya mke mjamzito. Hawezi kusema anapinga kutoa mimba huku akilipiga tumbo.

SHIFRA NA PUA

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, tunasoma habari za wakunga wawili wa Waebrania, Shifra na Pua. Farao, mtawala mkuu wa Misri, aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wakati mama zao wanapojifungua. Wakunga wale walimcha Mungu, wakakataa. Walipoitwa kujieleza, hawakuwatoa akina mama wale mikononi mwa Farao. Na Mungu akawatendea mema, akawajalia jamaa zao wenyewe.

Tafakari, ndugu msomaji. Kabla ya Musa hajazaliwa, kabla ya fimbo na bahari kugawanyika, ukombozi wa taifa la Mungu ulianzia kwa wakunga wawili waliosimama kati ya mama na mwenye nguvu. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na kazi yao, hofu ya Mungu, na kinywa kilichojua kutunza siri.

Mkunga wa leo katika zahanati ya kijiji hakuitwa kupigana na mume wa mtu. Ameitwa kufanya walichofanya Shifra na Pua: kumwona mama, kumwamini, na kutomrudisha mikononi mwa hatari bila msaada.

DALILI ZA KUTAZAMA

Wasomaji wengine wa ukurasa huu ni wauguzi na wakunga, au wameoa wauguzi. Wapo pia wakunga wa jadi, tunaowaita nyamrerwa, ambao siku hizi huwasindikiza akina mama hospitalini. Haya ni kwa ajili yenu, na kwa kila anayemjali jirani yake.

1. Majeraha mahali panapofichwa na nguo: tumboni, matitini, mgongoni, mapajani. Na majeraha ya umri tofauti, moja bichi na lingine linaloelekea kupona.

2. Maelezo yasiyolingana na jeraha. Mama anasema aliteleza kisimani, lakini alama ni za vidole shingoni.

3. Kuanza kliniki kwa kuchelewa, au kuacha ghafla kuja bila sababu ya kueleweka.

4. Mume au ndugu anayejibu kila swali kwa niaba ya mama na hataki kabisa kumwacha peke yake.

5. Maumivu yanayorudi bila ugonjwa kuonekana: kichwa, mgongo, tumbo, kukosa usingizi.

6. Magonjwa ya zinaa yanayorudi kila yakitibiwa, mimba zilizoharibika mara kwa mara, au damu kutoka wakati wa mimba.

7. Huzuni nzito, kushtuka mlango ukigongwa, au kusema kwamba ni afadhali kufa.

Dalili moja peke yake haithibitishi neno. Mama anaweza kuteleza kisimani kweli. Wako pia wanaopigwa ambao hawaonyeshi dalili yoyote, kwa sababu ziko dhuluma zisizoacha alama: kunyimwa chakula na nauli, kutukanwa mbele ya watoto, kulazimishwa kitandani. Kwa hiyo dalili humwamsha mkunga, lakini kuuliza ndiko kunakoleta jibu.

NAMNA YA KUULIZA NA KUSIKILIZA

Kwanza, faragha. Asiwepo mume, mama mkwe, shemeji, wala mtoto anayeweza kusema, kwa maana mtoto hurudia nyumbani aliyoyasikia. Pazia si ukuta. Kama hakuna chumba, ni heri kungoja siku nyingine kuliko kuuliza mbele ya masikio ya watu.

Pili, maneno mapole katika lugha ya mama mwenyewe. Mkunga mtu mzima anaweza kusema: "Nyar Kabondo, mimi huwauliza akina mama wote wanaokuja hapa, kwa sababu jambo hili huathiri afya ya mama na mtoto. Je, yuko mtu nyumbani anayekuogopesha? Amewahi kukupiga au kukuumiza tangu ulipopata mimba hii?" Asiulize kwa haraka huku akiandika na kumwita mgonjwa anayefuata.

Tatu, kusikiliza. Shirika la Afya Duniani huwafundisha wahudumu hatua tano ambazo kila mtu anaweza kuzikumbuka: kumsikiliza mama bila kumhukumu, kumwuliza anahitaji nini, kumhakikishia kwamba anaaminika na kwamba hana kosa, kuutazama usalama wake, na kumuunganisha na wanaoweza kumsaidia. Maneno kama "Ulimfanya nini hata akakupiga?" au "Kwa nini hujaondoka?" hufunga mlango uliokuwa umeanza kufunguka. Mama akisema hakuna kitu, mkunga asimlazimishe. Amwambie kwamba mlango uko wazi siku nyingine. Wengine husema mara ya tatu au ya nne.

Nne, usalama. Maswali haya ni ya lazima pale mama anaposema anapigwa: Je, vipigo vimezidi miezi hii ya karibuni? Amewahi kukutishia kwa panga au kisu? Amewahi kukukaba shingo? Anakuonea wivu usio na mwisho? Amekupiga ukiwa na mimba? Unaamini anaweza kukuua? Mama akijibu ndiyo kwa mengi kati ya hayo, asirudi nyumbani kana kwamba hakuna neno. Wapange pamoja atalala wapi usiku huo.

Na yule anayechagua kurudi apange pia: jirani gani atakimbilia, ishara gani atampa, kitambulisho na kijitabu cha kliniki ataviweka wapi, nauli kidogo ataificha kwa nani.

Tano, siri. Mkunga huishi kijijini. Pengine ni shemeji wa mume huyo, au wanakaa jumuiya moja. Neno likitoka kliniki asubuhi, mama atapigwa usiku, na hatarudi tena. Mambo haya yaandikwe katika faili inayobaki hospitalini, yasiandikwe katika kijitabu ambacho mume atakifungua nyumbani. Lakini kama anayeumizwa ni mtoto wa chini ya miaka 18, mkunga amweleze tangu mwanzo kwamba analazimika kutoa habari ili alindwe.

Jambo la mwisho kwa mkunga: usimwite mume ndani kumkemea, wala usiwapatanishe pale pale. Ukimwambia mume, "Mkeo ameniambia," umemkabidhi mama kwake. Onyo hili hili ni letu sisi makatekista na wazee wa jumuiya. Tunapenda kuwaketisha wote wawili meza moja na kusema, "Haya, kila mtu aseme lake." Mwenye hofu hawezi kusema lake mbele ya anayemwogopa. Kwanza usalama, kisha toba ya aliyekosa, ndipo mazungumzo.

JE, HUU SI MSALABA WA NDOA?

Hapa naomba tusikilizane vizuri, kwa sababu neno hili limewafunga vinywa akina mama wengi. Mama akilia, huambiwa: "Vumilia, ndoa ni msalaba."

Ni kweli ndoa ina msalaba. Umaskini ni msalaba. Ugonjwa wa mwenzako ni msalaba. Kukosa mtoto, kuuguza mkwe mzee, kusamehe maneno ya hasira, yote hayo hubebwa kwa upendo. Lakini kipigo ni dhambi ya mtu mwingine. Kristo aliubeba msalaba kwa hiari ili atuokoe na dhambi. Hakuubeba ili dhambi ipate mahali pazuri pa kukaa. Mama anayeficha vipigo hamwokoi mumewe. Anamwacha azame, na watoto wakitazama wanajifunza.

Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso, alimweka Kristo kuwa kipimo cha mume. Basi pima. Kristo hakulipiga Kanisa lake, bali alikufa kwa ajili yake. Wanaosoma sura ile kwa ajili ya neno la utii wa mke na kuruka lile la mume wamesoma nusu ya ukurasa.

Kanisa limesema wazi. Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 kuhusu upendo katika familia, Amoris Laetitia, alifundisha kwamba ukatili wa maneno, wa mwili na wa kujamiiana ndani ya ndoa unapingana na maana yenyewe ya muungano wa mume na mke. Katika waraka huo huo alieleza kwamba kuna nyakati ambapo kutengana hakuepukiki, na hata ni wajibu, ili kumwokoa mnyonge au watoto kutoka katika madhara. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, inamruhusu mwenye ndoa kuondoka pale mwenzake anapomletea hatari kubwa ya roho au ya mwili, yeye au watoto. Inataka jambo hilo lipelekwe kwa Askofu, lakini kama kungoja ni hatari, mtu anaweza kuondoka kwanza.

Zingatieni: kutengana huku si talaka. Kifungo cha ndoa kinabaki. Mama aliyekimbilia kwa kaka yake ili asiuawe hajavunja ndoa yake, wala hajatenda dhambi ya kumzuia asipokee Komunyo Takatifu. Aliyeinua panga ndiye anayepaswa kwenda kuungama. Na sababu ikiisha, kukiwa na toba ya kweli inayoonekana kwa matendo na kwa muda wa kutosha, Kanisa hufurahi wakirudiana.

SHERIA NA MSAADA

Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kuwakinga watu dhidi ya dhuluma ya nyumbani. Haihusu ngumi peke yake. Imetaja vitisho, matusi, kunyimwa mali, na kulazimishwa kitandani ndani ya ndoa. Imetaja pia mambo tunayoyajua sana huku: kurithiwa kwa nguvu kwa mjane, kutakaswa kwa wajane, na wakwe kuingilia ndoa. Mahakama inaweza kutoa amri ya kumlinda anayedhulumiwa, na kuivunja amri hiyo ni kosa.

Mama aliyeumizwa afike hospitali mapema. Aliyelazimishwa afike kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi, na ni bora zaidi akifika siku hiyo hiyo. Akiweza, asioge kwanza. Fomu ya P3 hutoka polisi na hujazwa na mhudumu wa afya. Hiyo ndiyo inayoyaeleza majeraha mbele ya mahakama. Vituo vingi vya polisi vina dawati la mambo ya jinsia. Nambari ya simu 1195 hupigwa bila malipo kwa ajili ya dhuluma za kijinsia, na 116 ni kwa ajili ya watoto. Zikaririni nambari hizo. Karatasi huonekana, kichwani hakuna anayesoma.

NENO KWA KILA MMOJA

Kwa mume: Ukiambiwa utoke nje, toka kwa moyo mweupe. Huna la kuficha? Basi dakika zako tano ni sadaka kwa ajili ya mama wa nyumba nyingine, ambaye mumewe hatatoka kama wewe hukutoka. Unalo la kuficha? Usimwulize mkeo njiani alisema nini. Nenda kwa padre, nenda kwa mwanamume mwenzako anayeheshimika, useme, "Nampiga mke wangu, nataka kuacha." Pombe si jibu, na si kisingizio pia. Mlevi hampigi chifu akikutana naye njiani. Na ukipewa habari ngumu za damu, mkumbuke Mtakatifu Yosefu. Alimkuta Maria mjamzito, hakuelewa, na sheria ya watu ilikuwa upande wake. Hakuinua mkono, wala hakutaka kumwaibisha. Alilala na jambo lake, na Mungu akasema naye usingizini.

Kwa mke: Mkunga akikuuliza, sema kweli. Hujamsaliti mumeo. Ulipofunga ndoa uliahidi upendo na uaminifu, hukuahidi kunyamaza. Na kama hakuna vipigo nyumbani, jibu "hakuna" kwa furaha, umshukuru aliyeuliza.

Kwa mama mkwe: Wewe unamsindikiza mkaza mwana, na huenda nawe ulipigwa enzi zako, ukavumilia, ukaona kuwa ndivyo ndoa ilivyo. Maumivu yako yalikuwa ya kweli, na hakuna aliyekuuliza. Mwache huyu aulizwe. Yule aliye tumboni ni mjukuu wako.

Kwa mkunga: Huenda nawe unapigwa. Wako wauguzi wanaowafunga wengine vidonda huku wao wakificha vyao chini ya sare. Nawe unastahili kuulizwa. Tafuta mwenzako unayemwamini.

Kwa jumuiya zetu ndogo ndogo: Tarehe 5 Mei ni Siku ya Wakunga Duniani. Mwalikeni mkunga wa zahanati yenu siku zinazoizunguka tarehe hiyo, awaeleze wanaume na wanawake kwa nini anauliza. Kilichoelezwa mapema hakimshtui mtu mlangoni.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Je, katika nyumba yetu kuna mtu anayemwogopa mwenzake? Tunajuaje?

2. Siku tulipokasirikiana mara ya mwisho, watoto waliona nini na kusikia nini?

3. Binti yetu aliyeolewa akirudi na alama usoni, tutamwambia arudi avumilie, au tutamfungulia mlango?

4. Je, tunamjua jirani mmoja anayehitaji mahali pa kukimbilia usiku? Mlango wetu unaweza kuwa huo?

TUSALI

Ee Mungu, uliyewapa Shifra na Pua moyo wa kukucha kuliko kumwogopa Farao, wabariki wakunga wetu. Wape macho ya kuona, masikio ya kusikia, na kinywa cha kutunza siri. Walinde akina mama wanaobeba mimba kwa hofu, na watoto walio tumboni mwao. Waguse waume wenye mikono mizito, wauone ubaya wao na kutubu kabla ya kumwaga damu. Utufundishe sisi sote kutoufunika uovu kwa jina la ndoa, maana ndoa ni yako. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.